Steringi Hafi. Woody Strode Je?

Kuna sheria moja ya muvi ambayo mtoto wa mtaa anaijua kabla hajajua kusoma: steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi, asukumwe kutoka ghorofani, gari lilipuke akiwa ndani. Tulia tu. Atarudi, tena na shati limechanika vizuri. Kama ulilelewa na vibanda vya video na muvi za DJ Afro, hiyo sheria iko kwa damu. Msee akiingia amechelewa, swali lake la kwanza lilikuwa moja tu: "Steringi ni gani?" Akishaonyeshwa, amemaliza. Hao wengine hawaangalii tena.

Leo nataka tuwaangalie hao wengine. Haswa mmoja. Anaitwa Woody Strode, na kama hujawahi kuskia hilo jina, si kosa lako. Lakini nusu ya jina lake umelitamka ukiwa mdogo, umekaa sakafuni mbele ya TV na uji mkononi. Nitafika hapo, nipe dakika.

Maoni yangu nayaweka mezani mapema ndio usiseme nilikuzungusha. Kucheza sehemu ndogo si aibu. Lakini kuna watu wanaitumia hiyo sentensi kuiba. Maisha ya Strode yanaonyesha mambo yote mawili, na ndio maana siwezi kuacha kuyafikiria.

TONE LA MAJI

Anko wangu ana flash imejaa muvi za kaoboi. Si za juzi, ni zile za zamani, wanaume wanatazamana dakika tano kabla mtu kuchomoa bastola. Jumapili moja stima ilikuwa imerudi, akaweka Once Upon a Time in the West, ya 1968, ya mwelekezi Mwitaliano Sergio Leone. Mimi nilikuwa na simu mkononi, nacheki komenti zangu. Muvi gani hii, haina muziki, haina maneno, ni mtambo wa upepo tu unalia kama kitanda kibovu.

Wanaume watatu wanangoja treni kwenye stesheni iliyo katikati ya jangwa. Mmoja ni Jack Elam, mwenye jicho moja linaloangalia kwake lenyewe. Nzi anamsumbua usoni mpaka anamnasa ndani ya mtutu wa bastola yake. Wa pili ni Al Mulock, anavunja vidole vyake kimoja kimoja. Wa tatu ni mwanaume mweusi, mrefu, amenyoa upara, amesimama chini ya tangi la maji. Tone linaanguka kichwani. Anainua macho. Tone lingine. Hatoki hapo. Anavaa kofia. Sasa matone yanagonga kofia, to, to, to, na yeye ametulia kama mti.

Hii inaenda zaidi ya dakika kumi. Treni inafika. Kabla ya mambo kuharibika, anavua kofia polepole na kunywa yale maji yaliyojikusanya kwenye ukingo wake.

Nikagundua nimeweka simu chini. Anko akacheka. "Huyo hajasema neno hata moja," akaniambia, "na wewe umesahau intaneti."

Halafu Charles Bronson anatokea upande wa pili wa reli na harmonika yake, na kwa sekunde chache wote watatu wamelala chini. Steringi amefika. Wale tuliokaa nao muda wote huo wameisha, na muvi bado ina zaidi ya saa mbili mbele. Hawarudi.

Nilimuuliza anko huyo wa maji ni nani. Akasema, "Si ni yule wa Spartacus." Hakujua jina. Anko amemtazama huyo mtu tangu akiwa kijana, anajua kila pahali alipokufa, lakini jina hajui. Hapo ndipo nilianza kuchimba.

KABLA YA KAMERA

Alizaliwa Los Angeles tarehe 25 Julai 1914, na wazazi wakampa jina la rais wa wakati huo, Woodrow Wilson. Kejeli ya kwanza ni hiyo: serikali ya huyo Wilson ndiyo iliyotenganisha wafanyakazi weusi na weupe kwenye ofisi za serikali kuu.

Kijana akakua akawa mwanaspoti wa nguvu. Mwaka wa 1939 alikuwa kwenye timu ya futiboli ya Kimarekani ya UCLA pamoja na Kenny Washington na Jackie Robinson. Ndio, Jackie Robinson yuleyule aliyevunja ukuta wa rangi kwenye besiboli mwaka wa 1947. Hao watatu walicheza timu moja.

Sasa skiza hii. Tangu 1934 ligi ya NFL haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Mwaka wa 1946 timu ya Rams ikahama kutoka Cleveland hadi Los Angeles na ikataka kutumia uwanja wa Coliseum, ambao ni wa umma. Waandishi wa habari weusi wakauliza swali rahisi: uwanja umejengwa na kodi ya watu wote, itakuwaje timu iwafungie wengine nje? Rams wakamsajili Kenny Washington, kisha Strode. Kwa hivyo mwaka mmoja kabla ya Robinson kuingia kwenye vitabu vya historia, hawa wawili walikuwa wameshafungua mlango wao.

Lakini Strode tayari alikuwa na miaka 32. Alipewa msimu mmoja, akiwa benchi sana kuliko uwanjani, halafu akaachwa. Miaka mingi baadaye, watu walipotaka aizungumzie hiyo kama sherehe, alikataa. Alisema huo ndio ulikuwa wakati wa chini kabisa maishani mwake.

Nampendea hapo. Sisi tunapenda stori ya "mtu wa kwanza" ikiwa na mziki mtamu nyuma. Yeye mwenyewe akasema haikuwa tamu. Akaenda Kanada, na mwaka wa 1948 akabeba kombe la Grey Cup na Calgary Stampeders, timu ambayo haikupoteza mechi hata moja msimu huo. Baadaye majeraha, mieleka ya kulipwa, na muvi.

"LEO WEWE NI MTU WA WAPI?"

Kumbe kazi yake ya kwanza kwenye filamu ilikuwa inatuhusu. Ni Sundown, ya 1941, stori ya vita hapa Afrika Mashariki ya Waingereza. Strode ni askari wa huku kwetu, na jina lake halikuandikwa kwenye orodha ya waigizaji. Jangwa lenyewe lilikuwa la Marekani. Msee wa Los Angeles, jangwa la Marekani, na sisi ndio tunaigizwa. Buda!

Baada ya hapo Hollywood ilikuwa ni kama inamuuliza kila asubuhi: leo wewe ni mtu wa wapi? Kwenye The Ten Commandments ya 1956 yeye ni mfalme wa Ethiopia. Kwenye muvi hiyohiyo, yeye pia ni mtumwa anayebeba kiti cha binti wa kifalme. Hebu fikiria. Muvi moja, mwili mmoja, mfalme na mbeba kiti, na walijua hakuna atakayegundua kwa sababu hakuna aliyekuwa anamwangalia uso. Mwelekezi John Ford naye akamfanya Mkomanchi kwenye Two Rode Together ya 1961, kisha shujaa wa Kimongoli kwenye 7 Women ya 1966. Bora tu si mweupe, mavazi yatamaliza kazi.

Mtu anaweza kusema huo ni upana wa kipaji. Sawa, kipaji kilikuwepo. Lakini upana unaochagua mwenyewe na upana unaosukumiwa ni vitu viwili tofauti.

ANAYEKUFA ILI STERINGI AISHI

Twende kwa Spartacus, ya 1960. Strode ni Draba, mtumwa aliyefunzwa kupigana ili matajiri wa Roma waburudike. Spartacus, ambaye ni Kirk Douglas, anamuuliza jina. Draba anamwambia ni heri wasijuane majina, maana siku moja huenda wakaamriwa wauane.

Siku inafika. Draba ana wavu na mkuki wa ncha tatu. Anashinda. Spartacus ameegemezwa ukutani, ncha ziko kooni, na wageni matajiri wako juu wanasubiri damu. Draba anawaangalia. Hana hotuba. Unaona tu uso wa mtu anayepiga hesabu ya maisha yake. Kisha anageuka, anautupa mkuki juu kwa wale matajiri, na anaanza kupanda ukuta kuwafuata kwa mikono mitupu. Anauawa hapohapo. Mwili wake unaning'inizwa kichwa chini ili watumwa wengine wauone.

Na ni baada ya kuuona ndio uasi unalipuka. Muvi nzima, jeshi lote la watumwa, jina lote la Spartacus, vimeanzia kwa huyo jamaa aliyekataa. Tuliambiwa steringi hafi. Hatukuambiwa kwamba hafi kwa sababu kuna mtu mwingine ametangulia kufa mahali pake.

Kwa hiyo kazi Strode aliteuliwa kuwania tuzo ya Golden Globe ya mwigizaji msaidizi. Dakika chache tu kwenye muvi ya zaidi ya saa tatu.

Mwaka huohuo akapata nafasi kubwa zaidi, Sergeant Rutledge, ya John Ford. Hii ni muvi ya kaoboi kuhusu wanajeshi weusi wa kikosi cha 9 cha farasi, kikosi ambacho kilikuwepo kweli. Sajini Rutledge anashtakiwa kwa kubaka na kuua msichana mweupe na kumuua babake, na anafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Alikuwa amepata nafasi ya kutoroka akawa huru. Lakini anageuza farasi na kurudi kuwaonya wenzake kwamba wanaingia kwenye mtego, akijua kurudi ni pingu. Strode aliwahi kusema kwamba alipovuka ule mto wa Pecos juu ya farasi, alihisi amebeba watu weusi wote mgongoni.

Muvi inaitwa kwa jina la sajini. Stori ni ya sajini. Lakini jina lililotangulia kwa waigizaji ni Jeffrey Hunter, mweupe anayecheza wakili wake. Rutledge ndiye jina la muvi, na bado si steringi kwa karatasi!

Na usidhani Ford aliwabuni hao watu weusi juu ya farasi ili kufurahisha mtu. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba karibu kaoboi mmoja kati ya kila wanne wa zama zile alikuwa mweusi. Walikuwepo, walichunga ng'ombe, walivuka mito. Muvi ndizo ziliwatoa, moja baada ya nyingine, mpaka sisi huku Kenya tukajua kaoboi ni mzungu kama vile tunajua sukari ni tamu.

POMPEY ALIYEKAA KANDO YA JENEZA

Ya Strode ninayoipenda zaidi ni The Man Who Shot Liberty Valance, ya 1962, ya Ford tena. Steringi wako wawili, John Wayne na James Stewart. Strode ni Pompey, mfanyakazi wa Wayne. Kuna siku Stewart anafundisha watu wazima darasani, na Pompey anasimama kukariri Azimio la Uhuru la Marekani. Anafika pale panaposema watu wote wameumbwa sawa, na anasahau. Mwalimu anamwambia asijali, watu wengi husahau hapo.

Hiyo sehemu ni fupi. Pompey haangalii kamera, halalamiki, anatazama tu chini kidogo kama mwanafunzi aliyekosea. Lakini mwaka ni 1962, na huko Marekani watu weusi wanapigwa kwa kutaka kukaa kwenye mgahawa. Nani hapo alikuwa amesahau, yeye au nchi?

Kisha usiku wa risasi. Kila mtu anaamini Stewart ndiye aliyemuua jambazi Liberty Valance, na kwa uongo huo anapanda mpaka useneta. Ukweli ni kwamba Wayne alipiga kutoka gizani. Na bunduki alirushiwa na nani? Pompey. Nyumba ya Wayne ikiungua, nani anaingia kumtoa? Pompey. Miaka mingi baadaye Wayne amekufa maskini, seneta anakuja mazishini na waandishi wa habari nyuma yake. Nani amekaa kando ya jeneza? Pompey, mzee sasa, na nywele nyeupe.

Mwandishi wa habari anataka stori ya seneta. Pompey alikuwepo usiku ule, anajua kila kitu. Hakuna anayemuuliza.

MTU MMOJA AKASOGEZA KAMERA

Kwa hivyo unaelewa kwa nini lile tone la maji lilimgusa. Strode alisema hakuamini jinsi Leone alivyoisogeza kamera mpaka usoni mwake. Alikuwa kwenye muvi tangu 1941, amefanya kazi na watu wakubwa, na Hollywood haikuwa imemwangalia hivyo. Ikabidi Mwitaliano amweke jangwani Uhispania kwa muvi ambayo atakufa mapema, na huko ndiko akaonekana.

Akaanza kufanya kazi nyingi Italia. Kama mzee wako ni shabiki wa Bud Spencer na Terence Hill, mwambie amtafute Strode kwenye Boot Hill ya 1969. Yuko pia kwenye Keoma ya 1976 na Franco Nero.

Na mwaka uleule wa 1968, Mwitaliano mwingine, Valerio Zurlini, akampa muvi ambayo yeye ndiye yuko mbele kabisa: Seduto alla sua destra. Anacheza kiongozi Mwafrika anayeitwa Maurice Lalubi, na ukimtazama dakika mbili unajua ni Patrice Lumumba wa Kongo, aliyeuawa Januari 1961. Hatimaye Strode ni steringi, hakuna ubishi.

Na steringi huyo anakamatwa, anateswa, anauawa.

Nilikaa na hiyo kwa muda. Maisha yote anakufa ili steringi aishi, halafu akifika zamu yake ya kuwa steringi, anapewa mtu ambaye lazima afe. Simlaumu Zurlini, Lumumba aliuawa kweli. Nasema tu ile sheria yetu ya kibanda cha video ilikuwa na maandishi madogo chini ambayo hatukusoma.

SASA MIMI NA WEWE

Najua kuna mtu tayari anaandika: "Sasa huyu alifanya kazi zaidi ya miaka 50, alilipwa, alikula, mnateta nini?" Ni swali la maana na nitalijibu, lakini kwanza nikuambie kwa nini limenigusa mimi binafsi.

Niliacha chuo ili nifanye kontenti. Mwaka jana kampuni fulani ikanitafuta, wanataka video ya kuchekesha. Nikaandika stori, nikaandika kila mstari, nikawaonyesha hata pahali mtu ataanguka. Siku ya kushuti nikakuta kuna msee mwenye wafuasi wengi kuniliko, na yeye ndiye atasema mistari yangu. Mimi nikapewa kuwa mtu wa kupita nyuma na debe la maji. Nikapita. Tena nilipita vizuri, ukiitazama ile video utaona nimejaribu kutembea kama debe limejaa kweli. Video ikaenda mbali sana. Chini yake wakaandika jina la yule msee, la mpiga picha, hadi la duka lililotoa nguo. Langu halikuwepo. Nilipouliza nikaambiwa, "Tulia, hii ni ya kukufungulia milango. Hakuna sehemu ndogo."

Hakuna sehemu ndogo. Hiyo sentensi ni ya kweli mpaka itoke kwenye mdomo wa mtu anayeshika pesa.

Kwa hivyo jibu langu kwa wa komenti ni hili: kulipwa na kutajwa ni madeni mawili. Ukilipa moja bado uko na deni. Strode kufanya kazi nusu karne kunaonyesha yeye alikuwa mzuri. Hakuonyeshi kwamba wao walikuwa wema.

Na kuna upande wa pili, wale wa "kuwa steringi wa maisha yako, usikubali kuwa msaidizi wa mtu." Hao pia siwaelewi. Sisi wote tukiwa steringi nani atashika simu? Nani atapita na debe? Mbogi yangu ni watu wanne, na video zetu bora ni zile ambazo mimi siongei. Strode alisimama chini ya tangi bila neno na akanifanya nisahau simu yangu zaidi ya miaka 50 baadaye. Huyo mtu hakuwa anangoja maisha yake yaanze akipata usteringi. Kazi ilikuwa ni ile, pale, na alijaza kila sekunde. Nataka kuweza kufanya hivyo. Nataka pia jina langu liandikwe. Sioni kwa nini nichague moja.

WOODY

Mwaka wa 1993 Mario Van Peebles alitengeneza Posse, muvi ya makaoboi weusi, na akamweka Strode mzee mwanzoni kabisa akituhadithia kuhusu wale waliofutwa. Kazi yake ya mwisho ilikuwa The Quick and the Dead, ambapo ni mtengeneza majeneza. Alifariki tarehe 31 Desemba 1994, akiwa na miaka 80, kabla haijatoka. Ilipotoka 1995, iliwekwa wakfu kwake.

Na mwezi wa Novemba mwaka huohuo wa 1995 ikatoka muvi nyingine. Ya watoto. Ya mwanasesere kaoboi, mrefu, mwembamba, na kofia.

Ndio. Woody wa Toy Story. Lee Unkrich, aliyefanya kazi kwenye ile muvi ya kwanza na kuelekeza ya tatu, amesema hadharani kwamba Woody aliitwa hivyo kwa heshima ya Woody Strode. Nadhani walimaanisha vizuri kabisa. Lakini angalia kilichotokea. Jina lake likawa steringi wa mojawapo ya katuni kubwa zaidi duniani, steringi ambaye kweli hafi, anarudi muvi baada ya muvi. Ila sura ni ya mzungu. Mimi nilikuwa na begi la shule lenye huyo Woody. Nililibeba miaka miwili. Nilikuwa natembea na jina la mtu mweusi mgongoni na hakuna mtu hata mmoja aliniambia.

Sina hasira na mwanasesere. Nina ombi dogo tu, na linaanza na mimi. Kuanzia leo kila video yangu itakuwa na majina yote: aliyeshika simu, aliyetoa wazo, aliyeanguka matopeni, aliyepita nyuma. Hata kama ni majirani wawili na mtoto wa shule. Nilirudi kwenye video zangu za zamani nikakuta nimewasahau watu sita. Mmoja alikuwa amenisaidia mara nne. Nimewaandika wote jana usiku, na huyo wa mara nne nimempigia simu. Alicheka tu, akasema alikuwa ameshazoea. Hiyo "nimezoea" haijanitoka kichwani.

Wewe pia fungua ukurasa wako, hesabu uliowasahau.

Halafu weekendi itafute ile muvi ya 1968, dakika za mwanzo tu. Msee akiingia amechelewa akuulize steringi ni gani, mwonyeshe yule aliyesimama chini ya tangi. Na umwambie anaitwa nani.